Kilo ya Mwani na Kikopo cha Mafuta

Mie ni mzaliwa wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mama wa watoto wanne, na mwani nimeulima tangu nikiwa mtoto wa skuli. Kina mama wenzangu huniuliza tulitokaje pale tulipokuwa, na kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa fupi: Mungu alitusaidia. Ni kweli alitusaidia. Lakini jibu hilo halimfai mtu aliyekaa jikoni na sufuria tupu, anayetaka kujua aanzie wapi. Kwa hivyo hapa nitaeleza kwa urefu, na vipimo nitavitaja.

Mwani wa kuuza ulianza kulimwa kwetu mwaka 1989, hapa Jambiani na kwa jirani zetu wa Paje, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameutafiti mwani wa bahari zetu miaka mingi kabla ya hapo. Sisi wa vijijini hatukuyajua hayo. Tulichokijua ni kwamba kuna watu wanatoa kamba na mbegu, na mwani ukikauka wanaupima na kulipa papo hapo. Wanawake tuliingia kwa wingi kuliko wanaume, na mpaka leo shamba la mwani ni la wanawake.

Mama yangu alikuwa miongoni mwa wale wa mwanzo. Bamvua ikifika, maji yakipwa mbali, alinichukua baada ya skuli tukafunge mbegu kwa vikamba vidogo viitwavyo taitai, moja moja, kwenye kamba iliyokazwa baina ya vigingi viwili. Wiki kama sita baadaye tulivuna, tukaanika, tukauza. Kwa pesa hizo mama alinunua mabati, akaezeka nyumba yake mwenyewe, jambo ambalo mama yake yeye hakulipata. Nilipoolewa, nilipewa kamba za kuanzia maisha. Sikuona kama ni zawadi ndogo.

Mwani wenyewe ni wa aina mbili. Kuna kotoni, mnene, wenye bei ya juu. Na kuna spinosamu, wa matawi ya miiba miiba, wa bei ya chini. Kotoni ndio uliokuwa ukijenga nyumba. Kisha, kuanzia miaka ya 2000, ukaanza kutukatalia. Maji ya kina kifupi yalizidi joto, na mwani ukipata joto unapauka, unalainika, unakatika na kwenda na maji. Unakwenda shamba kuvuna, unakuta kamba tupu na taitai zinapepea. Walioweza kuogelea wakasogea kwenye maji ya kina, ambako ni baridi zaidi. Sisi wengi hatukufundishwa kuogelea utotoni, tukabaki na spinosamu, ambao kilo yake kavu haikutufikisha shilingi elfu moja. Na ili upate kilo moja kavu unahitaji kuvuna kilo saba au nane mbichi, uzibebe mgongoni au kichwani kutoka baharini, na nguo zimerowa.

Hata hivyo tuliishi, kwa sababu mume wangu alikuwa mkwezi. Alipanda minazi ya watu, akilipwa pesa na nazi kadhaa. Mimi baharini, yeye juu, na watoto skuli.

Mwaka 2016, mwaka ambao joto la bahari lilipausha hata matumbawe katika ukanda huu wa Bahari ya Hindi, mwani wangu ulikatika karibu wote. Miezi michache baadaye mume wangu alianguka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na shina lilikuwa linateleza. Mfupa wa paja ukavunjika. Alilazwa hospitali mjini, akarudi na magongo, na mguu ulipounga ukawa mfupi kuliko mwenzake. Daktari alimwambia maneno mawili tu kuhusu minazi: usipande tena.

Tulianza kwa kuuza baiskeli. Redio ikafuata, kisha kitanda cha wageni. Duka la jirani lilitukopesha mpaka daftari lao likajaa jina langu, na mwenye duka, ambaye si mtu mbaya, akaanza kunikwepa macho. Wali ukawa wa Ijumaa. Siku nyingine ni muhogo na chai kavu. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa kidato cha nne, akaacha tuisheni bila ya kutuambia. Nilijua nilipomwona pwani akisaidia kusukuma ngalawa za wavuvi wakati wenzake wako darasani.

Mikono yangu nayo ilipasuka. Atakayesoma haya naye ni mkulima wa mwani ananielewa. Chumvi, jua, kamba na mchanga vinakula ngozi. Vidole vilifanya mipasuko iliyofika kwenye nyama, na kila nikiingia baharini vilinichoma kama pilipili. Nilipaka mafuta ya nazi, nikapata nafuu ya usiku mmoja, na asubuhi maji ya chumvi yaliyaosha. Mafuta ya kopo ya dukani sikuweza kuyanunua. Usiku mume wangu alikuwa akinitazama ninavyoshindwa kukanda unga wa chapati, naye akigeukia ukutani. Hatukuwa tukigombana. Tulikuwa tumenyamaza, na kunyamaza kwenyewe kulikuwa kuzito.

Mabadiliko yaliingia kwa mlango mdogo. Kikundi chetu cha kina mama, kilichokuwa cha upatu na kuzikana, kilipata mafunzo ya usarifu wa mwani. Kazi hiyo ilikuwa imeshaanza visiwani zamani: Dk. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, amekuwa akiwahimiza wakulima tangu miaka ya 2000 wasiishie kuuza mwani mkavu, watengeneze sabuni, krimu na vyakula. Mimi sikutaka kwenda. Siku ya mafunzo ni siku isiyo na pesa. Shoga yangu alinifuata nyumbani akaniambia, "We njoo, kutakuwa na chakula." Nilikwenda kwa ajili ya chakula.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka mjini, na alianza kwa kutuuliza mwani wetu ukifika Ulaya, Marekani na Asia unafanywa nini. Tulikuwa tumelima miaka zaidi ya ishirini na tano. Wako waliosema ni dawa. Wako waliosema ni rangi ya nguo. Akatoa dawa ya meno kwenye mkoba wake akaiminya kidoleni, akatuonesha inavyosimama bila ya kumwagika. Akasema kinachoisimamisha kinatoka kwenye mwani na kinaitwa karajinani, na kwamba kiwandani kinatiwa pia kwenye aiskrimu, maziwa ya pakiti na mafuta ya kujipaka. Akaendelea: karajinani ya kotoni ikichemshwa hufanya jeli ngumu, ya kukatika. Ya spinosamu hufanya jeli laini, ya kunyumbuka. Kwa krimu, laini ndiyo inayotakiwa.

Hapo niliacha kufikiria chakula. Mwani wa bei ya chini, ule niliobakia nao kwa kukosa mwingine, ndio unaofaa kwa kazi hii. Na mafuta yanayohitajika ni ya nazi. Mume wangu alikuwa anajua kila mnazi wa Jambiani unazaaje na wenyewe ni nani.

Jioni nilimweleza. Hakusema kitu kwa muda, kisha akauliza nazi ngapi hutoa lita moja ya mafuta. Nilimwambia kati ya 10 na 15, kulingana na ukubwa na ukavu wake. Akapiga hesabu kwa vidole, akasema wenye minazi wanamjua, watamkopesha. Kilichobaki ni nani atakuna. Mimi niko baharini, watoto wako skuli. Kesho yake alimwita seremala akaongeza miguu ya mbuzi yetu ya kukunia nazi ili aweze kuikalia na mguu wake ameunyoosha.

Kwetu mbuzi ni ya wanawake. Mama mkwe alipomkuta mwanawe amekaa anakuna nazi, alishika mlango. "Mwanangu, mwanamme kukalia mbuzi?"

"Mama," akamjibu bila ya kuacha kukuna, "minazi nimeipanda umri wangu wote kwa ajili ya nazi. Nazi ni ile ile."

Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na chungio, akakaa kukamua tui. Tangu siku ile hajarudia tena swali lile.

Sasa niseme namna tunavyofanya, kwani hapa ndipo wengi wanapodanganywa na maneno matamu ya kwamba vitu vya asili havihitaji kipimo.

Mafuta kwanza. Nazi iwe kavu, isiyochipua. Tui zito linakaa usiku mzima, na asubuhi mafuta yameganda juu pamoja na utando mweupe, na maji yako chini. Ule wa juu unauteka na kuuchemsha kwa moto mdogo. Sufuria inapiga kelele mpaka maji yaishe. Ikinyamaza na mashapo yakawa rangi ya dhahabu, epua. Ukisubiri yawe meusi, mafuta yatanuka moshi. Ukiepua mapema, maji yaliyobakia yatayachachisha. Chuja kwa kitambaa safi kikavu, tia kwenye chupa kavu, funga.

Cha pili ni mafuta mazito, yale ya mikono iliyopasuka na visigino. Haya hayana maji kabisa. Gramu 400 za mafuta ya nazi kwa gramu 100 za nta ya nyuki. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 25 hivi, kwa hivyo kwa jua letu yanakuwa maji mchana kutwa. Nta haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 60, na ndiyo inayoyafanya yasimame. Unaviyeyusha pamoja kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, usiweke moja kwa moja motoni, unamimina vikoponi, unaacha vipoe bila ya kufunikwa ili mvuke usitengeneze matone. Nta inakaa juu ya ngozi na kuzuia unyevu usitoke. Haya ndiyo yaliyonifungia mipasuko yangu, kwa kupaka usiku baada ya kuosha chumvi kwa maji baridi na mikono ingali na unyevu. Sikuona ajabu yoyote. Niliona ngozi ikipewa nafasi ya kujiunga yenyewe.

Cha tatu ni krimu yenyewe, laini, inayoingia mwilini. Hii ina maji, na maji na mafuta hayapatani mpaka awepo wa kuyapatanisha. Nta ya nyuki peke yake haiwezi kazi hiyo. Utachanganya, utafurahi, na kesho utakuta maji chini na mafuta juu. Tunanunua mjini nta maalumu ya kuunganishia. Kwa kilo moja ya krimu tunapima hivi: maji yaliyochemshwa gramu 680, mafuta ya nazi 180, nta ya kuunganishia 60, gliserini 40, nta ya nyuki 20, unga wa mwani 10, na kihifadhi 10. Ukitaka harufu ya mchaichai au ya karafuu, unapunguza maji kwa kiasi hicho hicho.

Unga wa mwani unaanzia kwenye kuosha. Spinosamu kavu inarowekwa na kuoshwa kwa maji ya bomba mara nyingi mpaka ulimi usisikie chumvi, inaanikwa tena juu ya chanja na si juu ya mchanga, ikipauka inasagwa mashineni na kuchekechwa. Unga huo unachemshwa na yale maji mpaka yawe kama uji mwepesi, kisha unachujwa. Gliserini inaingia humo. Kwenye bakuli jingine mafuta na nta zote mbili zinayeyuka. Vyote viwili vifike nyuzi kati ya 70 na 75, na hapa kipimajoto hakina mbadala, kwani kimoja kikiwa cha moto na kingine kimepoa, nta itaganda punje punje. Ndipo unamimina na kupiga kwa mchapo, unapiga mpaka ipoe. Ikishuka chini ya nyuzi 40, unatia kihifadhi na harufu.

Kihifadhi ndicho kinachogombaniwa. Wageni wengi, na hata kina mama wetu, wanataka krimu isiyo na kemikali hata moja. Mwalimu alitufundisha kwa vikopo viwili vya krimu moja: kimoja kilitiwa kihifadhi, kingine hakikutiwa. Viliwekwa dirishani kwenye joto la Machi. Kile kisichotiwa kiliota ukungu wa kijani, na akatuambia kwamba vijidudu visivyoonekana vilianza kuzaliana kabla ya ukungu huo. Vitamini E, ambayo watu huiamini, inazuia mafuta yasichache, haizuii vijidudu. Anayetaka bila ya kihifadhi namuuzia mafuta mazito yasiyo na maji. Namweleza sababu, naye anachagua.

Na karafuu ninaitaja peke yake, kwani Zanzibar tuna mazoea nayo. Mafuta ya karafuu ni makali. Sisi hatuzidishi nusu gramu kwa kila gramu 100, na kwenye mafuta ya watoto hatutii kabisa. Kabla ya kumpa mtu kikopo kizima, tunampaka kidogo ndani ya kiwiko, tunamwambia asubiri mpaka kesho.

Nimetaja haya yote kwa sababu ndiyo yaliyotutoa. Kikundi chetu kilitumia pesa za upatu kununua mizani ya kupimia gramu, na wako waliosema tumepoteza, tungenunua mchele. Lakini mizani hiyo ndiyo iliyofanya krimu ya leo ifanane na ya mwezi uliopita. Mume wangu akawa mwenye daftari: kila chungu kimeandikwa tarehe, uzito, joto na aliyekoroga. Alikuwa mtu wa kupanda na kushuka, hajawahi kushika kalamu kwa kazi. Sasa ukimuuliza krimu ya kikopo hiki ilipikwa lini anafungua ukurasa.

Tuliuza kwa wageni wa mahoteli ya Paje na Jambiani, nami nikaanza kulipa daftari la duka, kidogo kidogo, mpaka jina langu likafutwa. Mwanangu alirudi tuisheni. Alifanya mtihani, akafaulu, si kwa alama za juu, lakini alifaulu.

Kisha ikaja 2020. Mwezi wa Machi ndege za watalii zilisimama, mahoteli yakafungwa, na ufukwe ukawa wetu peke yetu. Visiwa vilifunguliwa tena kwa watalii mwezi wa Juni, lakini wageni hawakurudi kwa wingi kwa muda mrefu. Tulikuwa na shehena ya krimu za kikopo cha kioo, za bei ya wageni, zinazokaa kabatini. Nilidhani tumerudi tulikotoka. Usiku nililia, mume wangu akaniuliza swali la kawaida kabisa: "Kwani watu wa hapa hawana ngozi?"

Tulikuwa hatujawahi kuwauzia majirani. Tuliona kama bei yetu si yao, na ilikuwa kweli. Kwa hivyo tukaondoa kioo, tukatafuta vikopo vidogo vya plastiki, tukatia mafuta mazito tukayauza shilingi elfu moja. Na wakati huo kila mtu alikuwa akiambiwa anawe mikono, tukapika sabuni ya mwani kwa wingi. Wavuvi walinunua mafuta kwa ajili ya viganja vilivyokatwa na mishipi. Wakulima wenzangu wa mwani walinunua kwa mikono yao. Wanaojenga walinunua kwa saruji inayokausha vidole. Faida ya kikopo ni ndogo, lakini anayenunua anarudi, wala haji kwa ndege.

Kwa majirani nilikutana na jaribu ambalo wageni hawakuniletea. Msichana mmoja, anayejitayarisha kwa harusi, alichukua kikopo akakigeuza. "Dada, haya yanang'arisha?"

"Yanalainisha, mdogo wangu."

"Kwa hivyo weupe hayatoi?"

"Hayatoi."

Akakirudisha mezani. Wako wengi kama yeye, na wako wafanyabiashara walionishauri nitie kitu kidogo tu, krimu itauzika mjini mpaka Dar es Salaam. Najua hicho kitu kidogo. Ni zebaki na haidrokwinoni, vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na ndivyo vilivyomo kwenye mkorogo. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuiacha ngozi na weusi wa madoa ambao hautoki. Wakati ule wageni hawapo, na pesa ya haraka ilikuwa mlangoni. Nilikataa, na sijasikia njaa yoyote iliyotokana na kukataa huko. Msichana yule tulimfanyia singo ya liwa, dalia na maua ya mwasumini, kama bibi zetu walivyofanya, akaenda kwa mumewe na rangi yake na ngozi inayoteleza. Siku hizi ananunua mafuta ya mtoto wake kwangu.

Jambo jingine ninalolikataa ni kuita mafuta yangu dawa. Mtu anakuja na mtoto mwenye ukurutu uliotoa usaha, au upele unaomkesha usiku, ananiambia "Nipe yale yaliyokuponya wewe." Namwambia ampeleke kituo cha afya kwanza. Ukurutu mkavu unanufaika na mafuta, hata madaktari wanashauri ngozi ilainishwe kila siku. Ulioingia vijidudu unataka dawa. Upele una mdudu wake, na mdudu huyo hafi kwa nazi. Kuna siku nimepoteza mauzo kwa kusema hivi, na kuna mama aliyerudi baadaye na mtoto aliyetibiwa, akanunua vikopo vitatu.

Usajili ulituchukua muda kuliko kazi yenyewe. Mtu anaweza kupika krimu jikoni kwa ajili ya watu wa nyumbani bila ya kumuuliza mtu, lakini ukitaka kuiweka dukani ni lazima ipimwe na iwe na lebo: vilivyomo, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha. Tulitenga chumba kimoja, tukakipiga sakafu na chokaa, hakipikiwi samaki wala hakilali mtu. Wengi wanaona masharti haya ni ya kuwazuia maskini. Sisi daftari la mume wangu ndilo lililotusaidia, kwani kila tulichoulizwa kilikuwa kimeandikwa.

Sitaki kumaliza kwa kusema kwamba kila kitu kimetengemaa. Kotoni haijarudi kwenye maji yetu ya kina kifupi. Mume wangu anachechemea na baridi ya Julai inamuuma mfupa. Mwani mwingi bado nauuza mkavu, kwa sababu krimu haiwezi kumaliza mavuno yote. Unga wa gramu 10 kwa kilo ni kidogo sana, na kikundi cha kina mama hakiwi kiwanda kwa kutamani. Lakini kabla ya haya nilikuwa na kazi ambayo pesa yake ilipangwa na mtu nisiyemwona, na mwili wangu ulikuwa ndiyo gharama. Sasa bei ya kilo bado anapanga mwingine, ila bei ya kikopo tunapanga sisi, na tunajua kwa nini ni hiyo.

Kwa mama aliyekwama kama nilivyokwama: usianze na krimu ya maji. Anza na mafuta mazito, nazi na nta, vitu viwili tu. Pika kidogo, yatumie wewe na watoto wako, mpe jirani mmoja mwenye kazi ya mikono, msikilize. Usinunue harufu kabla ya mizani. Usikope kwa ajili ya lebo nzuri. Na ukiwa na mtu nyumbani ambaye kazi yake ya zamani imemkatalia, usimtenge na kazi yako mpya. Mpe mbuzi, mpe kalamu, mpe chochote chenye uzito. Sisi tunakaribisha wanaotaka kujifunza siku za maji mafu, ambapo hatuendi shamba. Masharti ni mawili: mikono iwe imeoshwa kwa sabuni, na kila mtu aje na daftari lake.